Msumeno wa Mashini Ukikataa Kuwaka

Hakuna jambo liwaudhilo watu kazini kama mashini iliyowaka vizuri jana na leo imekataa. Mkaratusi umelala chini, vibarua watatu wameketi juu ya gogo wakingoja, lori la kuchukua kuni limekwisha kukodiwa, na mwenye msumeno anavuta kamba mara ishirini, mara thelathini, mpaka bega linamuuma. Kisha hasira humshika, naye hutwaa bisibisi na kuanza kulegeza kila skrubu aionayo. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa maana ubovu uliokuwa wa shilingi mia hugeuka kuwa wa maelfu.

Mkulima mmoja wa upande wa Eldoret aliambiwa kwamba kabureta ya msumeno wake imekufa. Akanunua nyingine, ikafungwa, na msumeno ukakataa vile vile. Ndipo akampelekea fundi kijana ambaye hakugusa hata spana, alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akauliza, “Mzee, petroli hii umekaa nayo tangu lini?” Mzee akajibu, “Niliinunua kabla ya mvua, kijana wangu.” Petroli ilimwagwa, nyingine ikachanganywa, na msumeno ukawaka katika mvuto wa nne. Kabureta ya kwanza haikuwa na ila yoyote, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutumika.

Yafaa basi kila mwenye msumeno huu, ambao wengi huuita pawa so, ajue kwamba injini yake hutaka vitu vitatu tu: mafuta mazuri, cheche yenye nguvu, na hewa iliyobanwa barabara ndani ya silinda. Kazi ya kwanza ni kutambua ni kipi kati ya hivyo kimekosekana. Kufungua vyombo ni kazi ya baadaye.

Lakini kabla ya hayo, tazama swichi. Msomaji asicheke, hata mafundi wazoefu wamepata kutoka jasho kwa sababu swichi ilikuwa imesukumwa mahali pa kuzimia. Tazama pia kama petroli imo katika tangi lake na oili ya mnyororo katika lake, kwa kuwa vifuniko viwili hivyo hufanana, na kibarua mwenye haraka huweza kuvichanganya.

Namna ya kuvuta kamba nayo ina kanuni yake. Weka msumeno chini mahali palipo sawa, ncha yake isiguse kitu. Sukuma mbele kinga ya mkono ili breki ishike mnyororo. Tia ncha ya kiatu cha kulia ndani ya mpini wa nyuma, shika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, ndipo uvute kwa mkono wa kulia. Wako vijana wapendao kuuangusha msumeno kwa mkono mmoja huku wakivuta kamba kwa mkono wa pili, na watazamaji huwasifu. Msumeno uliokataa kwa muda mrefu huweza kuwaka ghafula kwa kasi, na ukiwa unaning’inia hivyo, paja la mwenyewe li karibu na meno yake.

Injini ikiwa baridi, choki hufungwa ili petroli izidi hewa. Vuta mpaka injini ikohoe mara moja, kisha rudisha choki na uvute tena. Wengi hawakisikii kikohozi hicho, huendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, na petroli huijaza silinda hata plagi ikalowa. Mashini hiyo si mbovu, imezama tu.

Basi fungua plagi uitazame, maana plagi husema mengi kuliko fundi mwongo. Ikiwa imelowa petroli, ipanguse ikauke, fungua choki, geuza msumeno ili tundu la plagi lielekee chini, hakikisha swichi imezimwa, na vuta kamba mara sita au saba ili petroli itoke. Uso wako uwe mbali na tundu hilo, na mwenye sigara asogee mbali. Rudisha plagi, ujaribu bila choki. Misumeno mingi iliyozama hupona hapo hapo.

Ikiwa plagi ni nyeusi kwa masizi, isafishe kwa brashi, na upime nafasi iliyo kati ya ncha zake. Kwa misumeno mingi midogo ni nusu ya milimita. Kuhusu cheche, chomeka plagi katika kofia yake, washa swichi, na gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Kisha mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu ionekanayo wazi ni njema. Isipokuwapo, jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu kitu kingine. Ikikosekana hata kwa plagi mpya, mara nyingine ni waya wa swichi uliochubuka na kugusa chuma, na hayo ni matengenezo madogo.

Plagi ikiwa kavu baada ya kuvuta mara nyingi, petroli haifiki. Legeza kifuniko cha tangi kidogo kisha ukifunge. Ikiwa injini huwaka baada ya hayo na kuzima tena baada ya muda, kitundu cha kupitishia hewa cha tangi kimeziba. Vuta kwa waya uliokunjwa ncha yale mafuta yaendako, yaani mrija ulio ndani ya tangi pamoja na chujio lake. Chujio likiwa jeusi hubadilishwa, na mrija uliopasuka pia, kwa kuwa hunyonya hewa badala ya petroli. Ndani ya kabureta ya msumeno hamna boya kama lile la pikipiki. Mna utando mwembamba wa mpira ambao hukakamaa kwa uzee. Utando huo huuzwa peke yake, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kabureta nzima. Muuza vipuri asiyekuambia hayo ana sababu zake.

Sasa tuyatazame mafuta yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye makosa mengi. Andreas Stihl wa Ujerumani alipotengeneza msumeno wake wa kwanza wa umeme, mwaka 1926, ulishikwa na watu wawili. Mdogo wa leo una uzito wa kilo nne au tano tu. Wepesi huo watokana kwa sehemu na injini isiyo na mahali pa kuweka oili yake. Oili yote ya kulainisha pistoni imo ndani ya petroli. Kitabu cha mashini kikisema 50 kwa 1, lita moja ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Kikisema 25 kwa 1, hutiwa mililita 40. Oili iwe ile ya injini za namna hiyo, si ile ya gari, na ipimwe kwa chupa yenye alama, si kwa kukadiria kwa kifuniko cha soda. Changanya ya kutosha wiki chache tu, kwa sababu mchanganyiko uliopita mwezi mmoja huanza kupoteza nguvu na kuacha utomvu ndani ya kabureta.

Petroli ya chupani kando ya barabara iogopwe pia. Mafuta ya taa yalichanganywa katika mafuta ya magari hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikatoza shilingi 18 zaidi kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Injini ndogo huonja udanganyifu huo mapema kuliko lori.

Wakulima wa nyanda za juu wana jambo lao jingine. Eldoret i takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Msumeno uliorekebishwa pwani, ukifika huko, hupata petroli nyingi kuliko hewa. Hutoa moshi, plagi hulowa, na kuwaka huwa kwa shida. Skrubu za kabureta zaweza kuupunguzia mafuta, ila zigeuzwe kidogo kidogo na mtu ajuaye, maana ukinyima mafuta kupita kiasi, injini hukimbia vizuri siku chache kisha pistoni huungua. Kabla ya kuzigusa, piga vumbi katika chujio la hewa na ufungue wavu mdogo wa ekzosi. Mara nyingi umejaa masizi.

Mwishowe, mashini ikiwa imezimwa na breki imeshika, uinue msumeno kwa mpini wa kamba peke yake. Ukishuka polepole kwa kusitasita, silinda ingali inabana hewa. Ukianguka moja kwa moja kama ndoo kisimani, pistoni au pete zake zimekwaruzika, na hakuna plagi wala kabureta itakayouponya. Hapo upelekwe kwa fundi, na lile debe la petroli liende pamoja nao, kwa kuwa fundi atataka kujua ulikuwa ukinywa nini.