Liandike Kosa Kabla ya Kulisahihisha

Mtoto wa miaka miwili akisema "taka maji", mama humpa maji na dada mkubwa humsahihisha: "Sema nataka maji." Nyumbani hayo yanatosha. Anayefuatilia lugha ya mtoto ana kazi nyingine: kuandika "taka maji" kama ilivyotamkwa, na tarehe, na mtoto alikuwa na nani. Akiandika "aliomba maji" ameweka daftarini maana aliyoielewa yeye, na maneno ya mtoto yamepotea.

Hiyo "taka" ina mengi ndani yake. Mwanaisimu Kamil Deen alichunguza namna watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Alionyesha kwamba watoto hudondosha kiambishi cha nafsi, pengine na cha wakati, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi hubaki mahali pake. Hawakati maneno ovyo. Tena watu wazima wa Nairobi nao, wakiwa katika mazungumzo ya kawaida, wakati mwingine huangusha kiambishi hicho cha nafsi. Kwa hiyo kabla hujasema mtoto hajui, sikiliza kwanza kwao wanasemaje.

Kazi hii ni ya zamani. Charles Darwin alikuwa akiandika habari za mwanawe William, aliyezaliwa mwaka 1839, na akazichapisha mwaka 1877. Anaeleza kwamba mtoto alipofikisha mwaka mmoja alijibunia neno "mum" kwa ajili ya chakula, na badala ya kulia njaa akawa analitumia kama kudai apewe. Tunalijua hilo kwa sababu baba aliandika siku zile zile. Kumbukumbu ya mzazi isingelihifadhi kwa karibu miaka 40.

Kusikiliza tu hakutoshi, maana mtoto anayesema "vitabu" huenda amelikariri neno zima. Mwaka 1958 Jean Berko, huko Marekani, aliwaonyesha watoto picha za vitu na wanyama wenye majina ya kubuni ili aone kama wangeweza kuyatia katika wingi. Waliweza, ingawa hawakuwahi kuyasikia kabla. Jaribio hilo linafaa sana kwa ngeli zetu, ila lina mtego. Chora kitu kisichokuwapo duniani, useme: "Hiki ni kidopa." Kisha onyesha viwili. Ukiuliza "Hivi ni nini?" umeshampa jibu, kwa kuwa "hivi" imebeba wingi wote. Nyooshea kidole picha ya pili na useme tu, "Na hapa?" Akijibu "vidopa", anaijua kanuni. Akijibu "kidopa kidopa" au "madopa", usicheke; hayo nayo ni majibu ya kuandikwa.

Katika maandishi, kosa lina thamani kubwa zaidi, na hapo ndipo walimu wetu wengi wa awali wanapoteza mali. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, katika kitabu chao cha mwaka 1979 kuhusu watoto wa Argentina, walionyesha kwamba watoto wengi kabla ya kujua kusoma hupita hatua ya kuandika herufi moja kwa kila silabi. Kihispania, kama Kiswahili, kina silabi nyingi zinazoishia kwa irabu, hivyo twende moja kwa moja kwetu. Mtoto anaambiwa aandike "meza", anaandika EA. Mwenzake anaandika MTRBS. Wote wawili wanapata mkasi mwekundu. Wa kwanza amegundua kwamba neno lina vipande viwili, amevihesabu na kusikia irabu ya kila kimoja, anakaribia kusoma. Wa pili anajua tu kwamba maandishi ni herufi. Kuwapa sifuri ile ile ni kutoona.

Ferreiro aliona pia kwamba watoto hutarajia kitu kikubwa kiwe na jina refu. Jaribu "tembo" na "sisimizi": muulize mtoto wa miaka minne ni lipi kati ya maneno hayo mawili ni la tembo. Usishangae akichagua lile la herufi nane.

Marie Clay wa New Zealand alikwenda kwenye kitabu chenyewe. Mwaka 1972 alitoa kijitabu cha kupimia kiitwacho Sand, ambacho baadhi ya picha na mistari yake iligeuzwa juu chini kwa makusudi, ili aone kama mtoto atagundua. Unaweza kufanya nusu ya kazi hiyo bila kijitabu chochote: mpe mtoto kitabu kikiwa kimepinduliwa, kisha uone anakishikaje, anaanzia wapi, kidole chake kinaelekea upande gani. Pwani, mtoto anayeanzia kulia huenda ametoka madrasa asubuhi. Anajua maandishi ya aina mbili na bado hajazitenganisha; mwandikie hivyo.

Na usidanganywe na darasa zima likiimba ba be bi bo bu. Sauti moja ya watoto 60 haikuonyeshi nani anasoma. Chukua mmoja, funika mstari kwa karatasi, fungua silabi ya katikati peke yake.

Unapohesabu maneno ya mtoto, hesabu ya lugha zote. Anayesema "maji" kwa Kiswahili na mengine kwa Kisukuma cha bibi yake hajachelewa kwa sababu nusu ya maneno yake huyaelewi wewe.

Kuchelewa kwenyewe kupo. Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja kabisa, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe hospitali, na masikio yapimwe kwanza. Usikubali kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Nenda na daftari lako lenye tarehe.