Kompyuta uliyoiunda nyumbani ikigoma kuwaka, ukaguzi uanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA mtu aliyejinyima kwa miezi kadhaa ili anunue vipuri vya kompyuta kimoja baada ya kingine, hakuna kinachokatisha tamaa kama kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa mara ya kwanza, feni zikazunguka, taa zikawaka, kisha kioo kikabaki cheusi.

Hayo ndiyo masaibu yanayowakuta wengi wanaojiundia kompyuta nyumbani, na hatua wanayoichukua mara moja ndiyo inayowagharimu zaidi. Hurudi madukani, iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, wakanunua kipuri kingine kwa kubahatisha. Leo RAM, kesho pawa saplai, keshokutwa madabodi. Baada ya wiki mbili fedha zimekwisha na tatizo bado liko palepale, pengine kwa sababu lilikuwa ni waya mmoja tu ambao haukuchomekwa.

Kubahatisha huko kumekuwa ghali zaidi tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025, wakati bei ya RAM ilipopanda duniani kutokana na mahitaji makubwa ya vituo vya kuhifadhia na kuchakata data za akili bandia. Kipande cha RAM kinachotupwa kwa kudhaniwa kuwa kibovu, kumbe ni kizima, si hasara ndogo.

Kompyuta haiwaki kwa bahati. Tangu inapopata umeme hadi inapoonyesha picha, hufuata hatua zinazojulikana, na anayezijua anaweza kutambua ni wapi imekwama. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme huo ukishatulia, pawa saplai hutuma ishara kwenye madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, kwamba mambo yako sawa. Hapo prosesa huamka na kusoma programu ya mwanzo iliyohifadhiwa kwenye madabodi, maarufu kwa jina la BIOS. Programu hiyo hukagua RAM, ikafuatia kadi ya picha, na mwisho hutafuta diski yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta.

Kwa hiyo, swali la kwanza si "kipuri gani kimekufa?" bali "imefika hatua gani?"

Iwapo kompyuta haionyeshi dalili yoyote ya uhai, ukaguzi huanzia nje. Pawa saplai nyingi zina swichi ndogo nyuma ya kasha, na wapo waliolala na huzuni usiku kucha kwa sababu swichi hiyo ilikuwa imezimwa. Kinachofuata ni nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha mbele ya kasha kwenda kwenye pini ndogo za madabodi. Ni rahisi mno kuzichomeka mahali pasipo pake. Fundi mzoefu hahangaiki na kitufe hicho; huziondoa nyaya, kisha huzigusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, ubovu uko kwenye kitufe au nyaya zake, wala si kwenye vipuri vya gharama.

Iwapo bado iko kimya, pawa saplai inaweza kupimwa peke yake. Plagi yake kubwa ya pini 24 huchomolewa kwenye madabodi, kisha waya wa kijani huunganishwa na mmojawapo wa nyaya nyeusi kwa kipande kifupi cha waya. Kitendo hicho huiamuru iwake. Mara nyingi feni yake itazunguka, ingawa baadhi ya pawa saplai za kisasa huiacha feni ikiwa imetulia hadi joto lipande. Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuendelea mbele: laini ya volti 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, na ile ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kwa zile ambazo nyaya zake zote ni nyeusi, jaribio hili ni bora lifanywe na mtu mwenye mchoro wa plagi hiyo mkononi.

Wanaonunua pawa saplai zilizotumika, hasa zilizotoka Marekani, wana jambo moja la ziada la kuangalia. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa Tanzania, ambao ni wa volti 230, italipuka kwa kishindo na moshi, na haitatengenezeka kirahisi. Aidha, si salama kuifungua pawa saplai kwa udadisi, kwani kapasita zake hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Hali inayowachanganya wengi zaidi ni ile iliyotajwa mwanzo, feni kuzunguka huku kioo kikiwa cheusi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Jambo la kwanza ni waya wa kioo wenyewe. Mwenye kadi ya picha anapaswa kuuchomeka kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la madabodi. Tundu la madabodi hufanya kazi tu pale prosesa inapokuwa na uwezo wa picha ndani yake, na si zote zinao. Prosesa za Intel Core ambazo namba zake huishia na herufi F hazina uwezo huo, kadhalika nyingi za AMD Ryzen za soketi ya AM4, isipokuwa zile zenye herufi G. Aliyenunua mojawapo ya hizo bila kadi ya picha hana kipuri kibovu; ana kipuri kilichopungua.

La pili ni umeme wa prosesa. Mbali na plagi ya pini 24, madabodi za sasa zina tundu jingine, aghalabu la pini nane, lililo pembeni karibu na prosesa. Likisahauliwa, feni zitazunguka na taa zitawaka kama kawaida, lakini prosesa haitafanya lolote. Kwa kuwa liko kwenye kona finyu ya juu ya kasha, husahaulika kuliko jingine lolote.

La tatu ni RAM. Kipande cha RAM huhitaji nguvu kukisukuma hadi kishike pande zote mbili, na wengi huogopa kukivunja wakakiacha kimekaa nusu. Kwenye madabodi zenye nafasi nne, vipande viwili huwekwa kwa kawaida kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka upande wa prosesa. Kisipoingia kabisa, kisilazimishwe: RAM ya DDR4 na ya DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato wake uko mahali tofauti, na madabodi ya moja haipokei nyingine. RAM iliyotumika ikisumbua, mafundi wengi huzisugua pini zake taratibu kwa kifutio laini, njia ya kienyeji ambayo mara nyingi hufaulu, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ya chumvi hutia kutu.

Wenye RAM ya DDR5 wanahitaji pia subira. Mashine inapowashwa mara ya kwanza, hujifunza namna ya kuwasiliana na RAM hiyo, na shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi. Asiyelijua hilo huzima na kuwasha tena, mashine ikaanza upya, naye akahitimisha kwamba ameuziwa kipuri kibovu.

Yote hayo yakishindikana, njia inayoaminika ni kuvua kila kitu. Madabodi hutolewa kwenye kasha na kuwekwa juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Hubakizwa prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, pawa saplai, na kadi ya picha endapo prosesa haina uwezo wa picha. Diski na vifaa vya USB vyote huondolewa. Ikiwaka hapo, kifaa kimoja huongezwa kwa wakati mmoja, mashine ikizimwa na kuchomolewa ukutani kila mara. Kile ambacho kikirudishwa mashine inagoma, ndicho mtuhumiwa. Fundi anayebadilisha vipuri bila kupita njia hii hana tofauti na mganga anayetoa dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Ikiwa mashine inawaka juu ya boksi lakini inagoma ndani ya kasha, kosa liko kwenye ufungaji. Madabodi hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na kinguzo kimoja kilichofungwa mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa mgongo wake na kupiga shoti.

Madabodi nyingi za miaka ya karibuni hueleza zenyewe zilipokwama kwa taa nne ndogo, zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki inawaka huonyesha hatua iliyoshindikana. Zile za zamani hutumia milio ya spika ndogo, ambayo maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hivyo kitabu cha maelekezo kilichotupwa pamoja na boksi huwa na thamani wakati huo.

Taa ya CPU ikibaki inawaka, kuna mambo mawili ya kuchunguza kabla ya kuilaani prosesa. Moja ni BIOS ya zamani. Prosesa za Ryzen 5000, kwa mfano, zilitoka mwaka 2020, na madabodi nyingi za AM4 zilizotengenezwa kabla ya hapo haziitambui prosesa hiyo mpaka BIOS yake isasishwe. Baadhi ya madabodi zina kitufe maalumu cha kufanya hivyo kwa kutumia flashi, bila hata prosesa kuwepo. Jingine ni pini zilizopinda. Katika AM4 pini ziko chini ya prosesa. Katika AM5 na soketi za Intel ziko kwenye madabodi, nyembamba kama unywele. Tochi na macho makali vinatosha kuziona.

Jaribio jingine lisilo na gharama ni kufuta mipangilio ya BIOS. Kompyuta huchomolewa ukutani, kisha betri ya duara aina ya CR2032 hutolewa kwenye madabodi kwa dakika chache na kurudishwa.

Kompyuta inayowaka vizuri kisha ikajizima baada ya dakika chache, mara nyingi inalalamikia joto. Vipoozeo vipya vya prosesa huja na karatasi laini ya plastiki upande wa chini, na si wachache wanaovifunga bila kuibandua. Joto la prosesa husomeka ndani ya BIOS. Likipanda mfululizo kuelekea nyuzi 90 bila kazi yoyote kufanyika, kipoozeo hakijagusa sawasawa. Lakini ikumbukwe kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari si sawa na cha Nairobi mwezi Julai.

Ile inayoganda ovyo au kuonyesha kioo cha buluu huhitaji kupimwa RAM kwa programu kama MemTest86, inayoendeshwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku mzima. Kosa hata moja ni kosa. Kabla ya kukubali kwamba kipande kimekufa, mipangilio ya kasi ya juu iitwayo XMP au EXPO izimwe na kipimo kirudiwe, kwa kuwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi huweza kuizidi uwezo madabodi au prosesa.

Upimaji ukishaelekeza kidole kwenye kipuri kimoja, kilichobaki ni kukirudisha dukani kikiwa na risiti na boksi lake. Kwa madabodi, kile kifuniko kidogo cha plastiki kilichofunika soketi siku ya kununua kirudishiwe mahali pake kabla ya safari. Muuzaji akiiona soketi iko wazi na pini moja imepinda, hatauliza ilipinda lini.