Maradhi ya Kufakamia Chakula

Kula kwa kufakamia ni maradhi ya akili yanayomfanya mtu ale chakula kingi mno kwa muda mfupi, huku akihisi kwamba mkono wake haumsikii tena. Si kila aliyevimbiwa anayo. Anayeongezwa pilau mara tatu kwenye harusi ya Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, kisha akajinyoosha mkekani akipiga soga na wenzake, amekula sana tu. Alitaka kula, amefurahi, na kesho atakuwa amesahau. Mwenye maradhi haya hula peke yake, upesi upesi, hata kama hana njaa, mpaka tumbo limuume, na akimaliza hujichukia. Madaktari huyathibitisha pale hali hiyo inapojirudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu.

Daktari wa akili wa Marekani, Albert Stunkard, aliyaandika mwaka 1959. Hata hivyo ni mwaka 2013 tu ambapo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliyahesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, inayo pia. Muda wote huo wagonjwa waliitwa walafi, na katika pwani hiyo ya kusini ya Kenya wengi wanaitwa hivyo hadi leo. Hukumu hiyo ni ya makosa, tena ina madhara, kwa sababu anayeitwa mlafi huona haya, na mwenye haya hujificha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba wanawake 3.5 katika kila 100, na wanaume 2 katika kila 100, wamewahi kuugua maradhi haya. Kwa hiyo si jambo la wanawake peke yao. Wala si la wanene peke yao. Wembamba wamo pia.

Galu, kusini mwa Diani katika pwani hiyo, ni mahali pazuri pa kuona jinsi maradhi haya yanavyoweza kujengeka. Ufuo wake umejaa hoteli na nyumba za wageni, na watu wengi wa Kinondo na Ukunda hupata riziki humo kwa zamu. Mhudumu anayetaka kupungua, kwa mfano, huondoka nyumbani na kikombe cha strungi bila kitafunio. Adhuhuri anapita kando ya meza ndefu ya vyakula vya wageni na hagusi kitu. Jioni anajisifu moyoni kwamba siku imekwisha bila kula. Saa tano za usiku yuko jikoni kwake, taa imezimwa ili watoto wasiamke, anakula wali wa nazi uliolala, akiwa amesimama, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Wali ukiisha anakwangua ukoko. Kisha chapati za watoto za asubuhi, kisha sukari kwa kijiko. Anapolala ameapa kwamba kesho hatatia kitu kinywani, na kiapo hicho ndicho kinachoandaa usiku wa pili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mara nyingi kufakamia ni mtoto wa kujinyima. Ushahidi mmoja wa zamani ulitoka Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, pale mtafiti Ancel Keys alipowapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kwa miezi sita. Vijana hao walianza kuota chakula na kukizungumza mchana kutwa. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi kwa wiki nyingi, wakisema wameshiba lakini bado wana njaa. Hawakuwa walafi walipoingia katika jaribio. Njaa ndiyo iliyowabadilisha. Mwili ulionyimwa chakula huongeza homoni za njaa, na akili huacha mengine yote ikakiwaza chakula.

Kujinyima si lazima kuwe kwa hiari. Utafiti uliofanywa San Antonio, Texas, na kuchapishwa 2017, miongoni mwa watu wanaotegemea chakula cha msaada, ulionyesha kwamba kadiri mtu anavyokosa uhakika wa chakula ndivyo anavyozidi kufakamia kinapopatikana. Hilo lina uzito wake katika pwani ya utalii, ambako mvua za masika hupunguza wageni, hoteli hupunguza wafanyakazi, na nyumba ikazoea wiki za ukata zikifuatwa na siku chache za neema mshahara unapoingia. Kutafuna majani ya muguka nako kuna sehemu yake. Hukata hamu ya kula kwa saa nyingi, lakini njaa haiendi popote. Huahirishwa tu hadi usiku.

Njaa peke yake, hata hivyo, haitoshi kueleza kila kitu. Wapo wanaofakamia kwa sababu ya huzuni, upweke, ugomvi wa nyumbani, au kukosa usingizi. Chakula huituliza akili kwa dakika chache, na utulivu huo, ingawa ni mfupi, ndio unaoijenga tabia.

Tiba inayoaminika zaidi ni ile ya kuzungumza na mshauri na kubadili fikra na mazoea, na daktari wa akili Christopher Fairburn wa Oxford aliiandika kwa lugha ya watu wa kawaida mwaka 1995. Msingi wake huwashangaza wengi: mgonjwa haambiwi ale kidogo, anaambiwa ale kwa wakati. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kila siku, bila kuacha zaidi ya saa nne kati ya kimoja na kingine. Kwa mtu wa Galu hiyo ni chai na mahamri mawili kwa mbaazi asubuhi, ndizi au muhogo wa kuchemsha saa nne, sima na samaki kwa mchicha mchana, kitu kidogo jioni, na chakula cha usiku pamoja na watu wa nyumbani. Kula pamoja kwenye sinia, desturi ambayo Pwani bado inayo, ni kinga nzuri, kwani maradhi haya hupenda mlango uliofungwa.

Pamoja na hayo mgonjwa huandika kila anachokula, saa, na alichokuwa akihisi. Baada ya wiki mbili tatu daftari huonyesha saa zake za hatari. Saa hizo hupangiwa jambo lingine: kuoga, kutembea ufuoni kabla giza halijaingia, kumpigia ndugu simu. Kupima uzito hufanywa mara moja kwa wiki, si kila siku. Baadaye vyakula alivyojiharamishia hurudishwa kidogo kidogo, kwa sababu chakula kilichopigwa marufuku ndicho kinachofakamiwa. Takriban nusu ya wanaofuata tiba hii kikamilifu huacha kufakamia. Siku ya kuteleza haifidiwi kwa kushinda njaa. Mlo unaofuata huliwa kwa saa yake.

Jamaa wana kazi yao. Salamu za "umenenepa wewe!" au "mbona umekwisha hivyo?" zikome kabisa. Kufungia chakula kabatini pia hakusaidii. Mwezi wa Ramadhani mwenye maradhi haya azungumze mapema na daktari na shekhe wake, kwani dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Akifunga, daku asiiache.

Hali huwa ya hatari zaidi mtu anapoanza kujitapisha, au kunywa sanamaki na chai za kupunguza mwili ili kutoa alichokula. Hayo ni maradhi mengine, nayo hupunguza madini ya potasiamu mwilini hadi mapigo ya moyo kuvurugika. Aliyefika hapo, au anayewaza kujidhuru, aende hospitalini bila kungoja. Hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kwale iko Msambweni. Hospitali ya Port Reitz, huko Changamwe, Mombasa, ina kitengo cha magonjwa ya akili cha miaka mingi, na kwa barabara ya Dongo Kundu mtu wa Galu anafika bila kuvuka kivuko cha Likoni. Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho Juni 2022 inazitaka kaunti zenyewe zitoe huduma hizi. Mgonjwa akimwona daktari amwambie wazi jinsi anavyokula, maana akilalamikia uzito peke yake huenda akarudi nyumbani na orodha nyingine ya vyakula vya kujinyima.