Si kila mwili unaowaka ni malaria

Mtu akianguka shambani Mpanda, mkoani Katavi, mwezi Oktoba, mwili unawaka na maneno yake hayaeleweki, wengi hawana swali: malaria imempanda kichwani. Anafunikwa blanketi, anamezeshwa panado, inatafutwa bodaboda. Dhana hiyo ina msingi, maana Katavi malaria ipo. Lakini huo pia ni msimu wa jua kali linalotangulia mvua za Novemba, na huenda mtu huyo amepatwa na kiharusi cha joto. Ikiwa ndivyo, blanketi linamuumiza, panado haimsaidii, na muda unaopita bila kumpooza ndio unaomweka hatarini zaidi.

Joto la kawaida la mwili ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Mtu akiugua malaria, ubongo wenyewe hupandisha kiwango hicho, ndiyo maana mgonjwa hutetemeka na kuomba shuka ilhali ngozi yake ni ya moto. Panado hukirudisha kiwango kilichopandishwa. Kwenye kiharusi cha joto ubongo haujapandisha chochote. Joto la jua, pamoja na lile linalozalishwa na misuli inayofanya kazi, limezidi uwezo wa mwili kulitoa. Likifika nyuzi 40 na kuendelea, ubongo, ini na figo huanza kuumia. Dawa ya homa haina cha kushusha hapo, tena inaweza kuliongezea ini mzigo.

Mwili hujipooza zaidi kwa jasho, na jasho hupooza linapokauka juu ya ngozi, si linapodondoka chini. Mwezi Septemba na Oktoba hewa ya Katavi ni kavu. Jasho hukauka upesi hata mkulima asilione, kumbe amepoteza maji mengi. Mawingu ya Novemba yakitanda, hewa huwa nzito na jasho huchuruzika bila kupooza. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hali ni kama hiyo, kwa sababu upepo haufiki. Kwa hiyo mtu anaweza kuzidiwa na joto hata akiwa kivulini au chini ya ardhi.

Mgeni wa joto yuko hatarini kuliko mwenyeji. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, Mpanda takriban 1,100, na bonde la Rukwa upande wa Mpimbwe liko chini zaidi. Kijana anayeshuka kutoka nyanda za juu za Ufipa, iliko Sumbawanga, kuja kulima au kuchimba, akaanza kwa kasi ya waliomtangulia, anajiweka pabaya. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Wataalamu wa afya kazini hushauri siku ya kwanza mgeni afanye sehemu moja ya tano ya kazi ya kawaida, kisha aongeze kiasi hichohicho kila siku. Anayelipwa kwa kipande hatapunguza kasi mwenyewe. Msimamizi ndiye wa kumzuia.

Kinga nyingine ni za kawaida ila hupuuzwa. Kazi nzito ifanyike alfajiri hadi saa nne, irejewe saa kumi jioni. Kunywa kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20 bila kungoja kiu, lakini usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu. Anayetoka jasho saa nyingi ale chakula chenye chumvi au anywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Gongo si maji. Wazee, watoto wadogo, wajawazito na wanaotumia dawa za presha zinazokojoza waangaliwe zaidi, hasa kwenye nyumba za bati zisizo na madirisha ya kutosha.

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na kuishiwa nguvu. Mwenye dalili hizo tu bado ana akili timamu: mpeleke kivulini, mlegezee nguo, mpe ORS apumzike. Mpaka kati ya hali hiyo na kiharusi cha joto uko kwenye akili. Muulize jina lake, yuko wapi, leo siku gani. Akibabaika, akiyumba kama mlevi, akipata degedege au akizimia, hicho ni kiharusi cha joto hadi ithibitike vinginevyo. Usingoje ngozi ikauke. Aliyekuwa akifanya kazi anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa.

Kanuni ni moja: pooza kwanza, safirisha baadaye. Mweke chini ya mwembe, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, wawili wampepee bila kuacha. Kama kuna mto au karo salama, mzamishe hadi shingoni huku mmemshika kichwa. Mkikosa maji ya kutosha, lowesheni kanga, mfunikeni na kuilowesha tena kila inapopata joto. Makka, ambako mahujaji huzidiwa na jua, tangu miaka ya 1980 madaktari wametumia kitanda maalumu ambacho mgonjwa hunyunyiziwa maji huku akipulizwa hewa. Ndoo na kanga hufuata kanuni ileile. Asiyejitambua alazwe ubavu, wala asinyweshwe chochote. Akipandishwa bodaboda kwa mshikaki, asivishwe koti. Kanga mbichi ibaki mwilini na maji yaendelee kumwagwa njiani.

Vipi kama kumbe ni malaria? Maji hayo hayatamzuia kupimwa. Tena mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa kuwa mwenye homa akienda shambani huzidiwa mapema. Mkifika zahanati, mwelezeni tabibu alikuwa akifanya nini, alianguka saa ngapi, aliamkaje asubuhi na mmempooza kwa muda gani, kisha apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Hata akizinduka njiani na kudai amepona, msigeuze. Figo na ini huweza kuonyesha madhara siku moja au mbili baadaye; mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kurudi juani kuamuliwe na daktari.