Kukadiria Mwanga kwa Filamu ya Slaidi

Filamu ya negativu humsamehe mpiga picha. Akiipa mwanga maradufu ya unaohitajika, mchapaji aweza kulirekebisha kosa hilo anapoihamisha picha kwenye karatasi. Filamu ya slaidi haina mlango huo wa pili. Kipande kile kile kilichokuwa ndani ya kamera ndicho kitakachotazamwa ukutani, na mwanga maradufu hutosha kuiharibu picha.

Sababu imo katika kemia ya usafishaji. Dawa ya kwanza huzigeuza kuwa nyeusi chumvi za fedha zilizoguswa na mwanga. Kisha rangi hujengwa pale ambapo mwanga haukufika, na fedha yote huondolewa. Kwa hiyo, palipopigwa na mwanga mwingi hubaki plastiki tupu. Kanzu iliyofikia hali hiyo haina tena mikunjo, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Picha iliyopungukiwa mwanga kidogo huwa nzito, lakini habari zake zingalimo. Ndiyo maana wazoefu, ikibidi kukosea, hukosea upande wa giza.

Kamera rahisi yatosha kwa kazi hii. Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960, ina kipima-mwanga cha seleni kisichohitaji betri. Lakini seleni huchoka kwa umri, na vipimo vingi vya namna hiyo sasa hudanganya. Jua lenyewe ni kipimo cha kuaminika zaidi. Katikati ya mchana, mbingu ikiwa safi, nguvu yake haibadiliki sana. Basi tundu la lenzi huwekwa kwenye namba 16, na shata kwenye sehemu ya sekunde iliyo karibu na kasi ya filamu. Kwa Ektachrome E100, iliyorejea sokoni mwaka 2018, shata huwa 1/125. Tofauti hiyo ndogo kati ya 100 na 125 yaelekea upande salama. Wingu jepesi likilegeza vivuli, namba huwa 11. Vivuli vikikaribia kutoweka, 8. Wingu likiwa zito, 5.6.

Hata kipima-mwanga kizima hudhani kwamba kila kitu ni cha kijivu, chenye kurudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kanzu nyeupe ikijaza picha, hutoka ya kijivu. Koti jeusi nalo hupauka. Kanuni ya jua haihadaiki hivyo, kwa kuwa hukadiria mwanga unaoshuka, si unaorudishwa.

Hata hivyo, haiwezi kuziba pengo kati ya jua na kivuli. Mzee aliyevaa kofia nyeupe, akisimama juani saa sita, macho yake huzama gizani. Kumfungulia tundu zaidi ni kuipoteza kofia. Yafaa kungoja hadi saa tisa alasiri, jua liinamie usoni. Au, kama hakuna nafasi ya kungoja, mtu atandaze shuka jeupe mbele ya kifua chake, nje kidogo ya picha, ili mwanga upande mpaka machoni.