Usimikaji wa Kiotomatiki wa Programu ya Wavuti Isiyofungashwa

Kila mwezi zahanati na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama hutoa taarifa za MTUHA, ambazo huingia katika mfumo wa DHIS2. Mfumo huo, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, umeandikwa kwa lugha ya Java. Haumo ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Upo kwenye seva, naye huufikia kwa kivinjari. Kuiweka programu ya namna hiyo kwenye seva hadi ianze kuhudumia watu ndiko kusimika.

Programu hufika kwenye seva kwa sura mbili. Iliyofungashwa, kama DHIS2 inavyosambazwa, ni faili moja lenye kiishio .war, mengine yote yakiwa yamebanwa ndani yake kama nguo sandukuni. Isiyofungashwa ni folda ya kawaida. Fundi anaweza kubadili ukurasa mmoja bila kufungasha upya.

Seva ya WildFly ina folda iitwayo deployments, ambayo huikagua kila baada ya sekunde 5. Ikikuta faili jipya la .war, hulisimika yenyewe. Ikikuta folda, kwa mpangilio wake wa kawaida haifanyi kitu. Kwa nini? Hapa ndipo penye alama, soma taratibu. Faili lililobanwa hubeba orodha ya yaliyomo mwishoni mwake. Orodha ikikosekana, seva inajua kunakili hakujaisha, hivyo inasubiri. Folda haina mwisho unaoonekana. Tuseme yamefika mafaili 40 kati ya 300: folda bado ni folda. Ikisimikwa wakati huo, ukurasa wa kuingilia utafunguka, lakini wa kuhifadhi taarifa hautakuwepo.

Kwa hiyo fundi ndiye hutoa ishara. Akimaliza kunakili folda matokeo.war, huunda kando yake faili tupu liitwalo matokeo.war.dodeploy. Seva ikiliona, huanza kazi. Ikifanikiwa, nafasi ya faili hilo huchukuliwa na jingine lenye kiishio .deployed, ikishindwa,.failed, ambalo ndani yake huweza kuandikwa sababu. Lifungue kabla ya kulaumu mtandao.

Tomcat ni tofauti: kwa kawaida husimika hata folda bila kusubiri ishara. Anayeitumia anakili folda kwanza mahali pengine kwenye diski ileile, kisha aihamishie ndani ya webapps kwa mkupuo mmoja.