Intaneti ya Setilaiti Katika Tshopo: Kuchelewa na Wembamba wa Njia

Msemaji wa Kiswahili anapolalamika kwamba intaneti ni «polepole», hutumia neno moja kwa kasoro mbili zisizo na asili moja. Kasoro ya kwanza ni kuchelewa: ujumbe umetumwa, jibu halijarudi. Ya pili ni wembamba wa njia: jibu linarudi, lakini kidogo kidogo, kwa sababu wengi wanapita mahali pamoja. Bila kuzitenganisha ni vigumu kufahamu setilaiti inaweza kulifanyia nini jimbo kama la Tshopo.

Haja yenyewe haina ubishi. Jimbo hili, lililoundwa mwaka 2015, lina zaidi ya kilomita za mraba 199,000, na sehemu kubwa ni msitu. Kebo ya baharini ya WACS inaingia nchini kupitia Muanda, pwani ya Atlantiki, yaani upande wa pili wa nchi. Kufikisha nyuzi za kioo hadi Opala, Yahuma au Bafwasende kunahitaji mitaro au nguzo, pamoja na watu wa kuzitunza mwaka hadi mwaka. Setilaiti haihitaji mtaro.

Setilaiti za kwanza za mawasiliano zilizotumika kwa wingi huzunguka juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho mzunguko wao hulingana na mzunguko wa dunia, hivyo huonekana zimesimama mahali pamoja, na dishi (au parabole, kama lisemwavyo kwa wengi) huelekezwa mara moja tu. Ni kwa njia ya setilaiti kwamba picha za pambano la Muhammad Ali na George Foreman zilitoka Kinshasa mwezi wa Oktoba 1974 na kuufikia ulimwengu. Kwa picha za televisheni kuchelewa si tatizo, kwani mtazamaji hajibu. Kwa intaneti ni tatizo. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde, na jibu huchukua muda kama huo tena. Mitambo ikiongeza wake, jumla hufikia kiasi cha sekunde 0.6. Ukurasa unaohitaji maulizo kumi yanayofuatana hupoteza sekunde sita hata kama njia ni pana kama mto Kongo.

Kisangani, iliyo nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, ina mambo yake. Setilaiti iliyo karibu na longitudo 25 mashariki huwa utosini kabisa, na dishi likitazama juu hivyo hukusanya maji na majani, lisipotobolewa tundu la kuyatoa. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu, ndiyo maana madishi makubwa ya bendi ya C, inayostahimili mvua, yalipendelewa katika nchi za ikweta. Aidha, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti, na kwa dakika chache kila siku, siku kadhaa mfululizo, kelele zake huzima mawasiliano. Fundi asiyelijua hilo hufungua mtambo usio na ubovu wowote.

Dawa ya kuchelewa ni kushusha setilaiti. Zile za O3b, zilizoanza kurushwa mwaka 2013, ziko kilomita 8,062 juu ya ikweta, kwa hiyo Tshopo iko chini ya njia yao hasa. Zile za Starlink nyingi ziko kiasi cha kilomita 550. Kupanda na kushuka huchukua elfu chache tu za sekunde. Lakini zikiwa chini hivyo hazisimami: moja inapotua upeoni nyingine hupokea kazi, na kibao cha antena huzifuata kwa umeme bila kujongea. Tena, kutokana na mwinamo wa njia zao, huwa chache zaidi juu ya ikweta kuliko kwenye latitudo za Ulaya. Nchini Kongo mamlaka ya udhibiti, ARPTC, ilionya mwezi wa Machi 2024 kwamba matumizi ya Starlink bila leseni yamekatazwa. Leseni ilitolewa Mei 2025.

Hata hivyo, kushusha setilaiti hakuondoi kasoro ya pili. Eneo moja la ardhi hupewa kiasi maalumu cha mawimbi, na wanunuzi wakiongezeka kila mmoja hupata kidogo. Kwa sababu hiyo setilaiti yafaa zaidi palipo na watu wachache waliotawanyika, kama Opala, kuliko katikati ya Kisangani, ambako kebo ndiyo ingestahili kubeba mzigo. Na mahali hapo pa mbali ndipo pasipo umeme: kibao kinachotumia wati 50 hadi 100 huhitaji paneli za jua na betri za kutosha usiku. Kikifungwa juu ya paa la zahanati, mawimbi yake ya nyumbani hufika makumi ya mita tu. Kijiji kizima hakifaidiki mpaka kiunganishwe na mnara mdogo wa simu.